Waliotutangulia Wako Wapi? Habari za Kuzimu, Toharani na Mbinguni Chini ya Mlima Hanang

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kitabu, leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila nyumba hulijua, nalo ni hili: mtu akiisha kufa, huenda wapi? Hatukulichagua jambo hili kwa kupenda ubishi wa dini. Lilituijia lenyewe, likabisha hodi mlangoni.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, watu wengi wa Katesh wakiwa bado hawajakwenda kanisani, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Mawe na udongo uliolowa maji ya mvua ukageuka tope, na tope lile likateremka kwa kufuata njia za mito, likabeba magogo, nyumba, mifugo na watu. Waliokufa walizidi 80. Kwa kalenda ya kanisa siku ile ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na katika makanisa yote ya Kikatoliki Injili iliyopangwa kusomwa ilikuwa habari ya bawabu aliyeamriwa kukesha, kwa maana hakuijua saa ya kurudi kwa bwana wake.

Baada ya mazishi walikaa matangani, juu ya mkeka mmoja, Mkatoliki, Mlutheri, Msabato na Mpentekoste, pamoja na mzee wa Kibarabaig asiyebatizwa. Wote walilia kilio kimoja, lakini walipoanza kufarijiana maneno yao hayakulingana. Mmoja alisema, tumwombee marehemu apate kutakaswa. Wa pili alisema, yuko na Bwana tayari. Wa tatu alisema, amelala, hajui neno mpaka parapanda ilie. Mzee akanyamaza. Kisha kijana mmoja, mwanafunzi, alituuliza sisi tunaoitwa walimu: na babu yangu, aliyekufa kabla hajasikia mahubiri, yuko wapi? Hatukuwa na jibu la haraka. Basi tulirudi vitabuni kutafuta asili ya maneno hayo, na tuliyoyaona ndiyo tunayowaletea.

Yatupasa kuanza na maneno yenyewe, maana katika Kiswahili yana asili zisizofanana, na kila moja limekuja na mzigo wake. Kuzimu ni neno letu la kale, ndugu yake ni mzimu na mizimu. Maana yake ni mahali pa waliokufa, wema kwa wabaya. Peponi ni neno la watu wa pwani, waliokuwa Waislamu karne nyingi kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka wa 1844. Ahera ni la Kiarabu. Jehanamu nalo ni la Kiarabu, lakini asili yake ya mbali ni Kiebrania: Bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu, ambako wafalme waovu wa kale walichoma watoto motoni kuwa sadaka. Toharani lina udugu na tohara, na kila mwaka darasani wavulana hucheka tukilitaja. Lakini maana yake ni mahali pa kutakaswa, wala si zaidi.

Askofu Edward Steere wa Unguja, na wenziwe waliotafsiri Maandiko baada yake, waliyatumia maneno haya ya pwani. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka wa 1937, alijitahidi kuyaondoa maneno mengi ya Kiarabu, ila watu hawakuyaacha. Tena katika jambo moja Kiswahili kimetusaidia kuliko Kiingereza. Biblia ya Kiingereza ya mwaka wa 1611 mara nyingi ilitumia neno moja kwa kuzimu na kwa Jehanamu, hata msomaji akadhani ni mahali pamoja. Biblia yetu ya mwaka wa 1952 huyatenga: kuzimu ni kwa wafu wote, Jehanamu ni moto wa hukumu. Ugomvi mwingi wa makanisa umekaa katika ufa huo mdogo kati ya neno na neno.

Ugomvi wenyewe si mgeni, wala haukuletwa Afrika na Wazungu kama wengi wanavyodhani. Ulianza hapa hapa barani. Origen, mwalimu wa Alexandria katika Misri, aliyefariki karibu na mwaka wa 253, alifundisha kwamba moto wa Mungu ni wa kuponya, na kwamba mwisho wa yote yamkini viumbe vyote vitarejezwa kwake. Mfalme Justinian aliyalaani mafundisho hayo mwaka wa 543. Kabla ya hapo Mwafrika mwingine, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa amekwisha kuandika kwa nguvu kwamba adhabu ya waovu haina mwisho. Kanisa la magharibi lilimfuata Augustino.

Tena msidhani kwamba wakubwa wa kanisa hawakupata kuyumba. Mwaka wa 1331 Papa Yohane wa 22, aliyekaa Avignon katika Ufaransa, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya mwisho. Wanavyuoni wa Paris walimpinga Papa wao waziwazi, wakamwambia amekosea. Alipokuwa kitandani akifa, mwezi wa Desemba mwaka wa 1334, aliyaacha maneno yake. Aliyemfuata, Benedikto wa 12, alikata shauri mwaka wa 1336: roho iliyo safi humwona Mungu mara baada ya kufa. Kama padre wenu akiwaambia leo kwamba mtakatifu fulani yuko mbinguni sasa, basi maneno hayo yamepita katika shauri lile.

Habari ya toharani ni ndefu, tutaipita upesi. Wakristo wa kale waliwaombea wafu wao. Hilo halina shaka. Lakini baadaye biashara iliingia, na watu walifundishwa kwamba fedha inaweza kuipunguzia roho mateso. Hapo ndipo Martin Luther alipoandika hoja zake 95, mwaka wa 1517. Kanisa Katoliki nalo lilipokutana Trent lilithibitisha, Desemba 1563, kwamba toharani ipo na kwamba maombi ya walio hai huwafaa waliomo. Lakini sharti tuseme pia lile ambalo wahubiri wetu hulisahau: Mtaguso ule ule uliwaagiza maaskofu wasiwahubirie watu wasio na elimu maswali magumu ya mambo hayo, na wakataze yote yanayonuka tamaa ya fedha. Wangelishika agizo hilo, picha za moto zilizotundikwa katika madarasa ya katekesimu zingalikuwa chache.

Walutheri waliikana toharani. Katika Ungamo la Augsburg la mwaka wa 1530 walishika hukumu ya mwisho, uzima wa milele kwa wateule na adhabu isiyo na mwisho kwa waovu. Hata hivyo katika utetezi wa ungamo hilo walisema hawamkatazi mtu kuwaombea wafu. Jambo hili wengi hawalijui, na tumewaona Walutheri wakiona haya kumtaja marehemu wao katika sala, kana kwamba wanaiba mali ya Wakatoliki. Luther mwenyewe alipenda kukiita kifo usingizi. Mwaka wa 1542 aliandika maneno ya kuwafariji wanawake waliopoteza watoto kabla ya ubatizo, akawaambia kwamba kilio cha mama Mkristo ni sala, na Mungu huisikia. Kwa Wakatoliki watoto wale waliwekwa muda mrefu mahali paitwapo limbo, penye raha lakini pasipo kumwona Mungu. Halikuwa fundisho lililokatwa na mtaguso, bali maoni ya wanavyuoni. Na mwaka wa 2007 kamati ya wanateolojia huko Roma ilitangaza kwamba iko sababu ya kutumaini wokovu wa watoto hao. Ni mama wangapi walikufa kabla ya mwaka ule, wakiamini vingine?

Wasabato walifika Upare mwaka wa 1903, nao walileta fundisho la tatu. Kwao mtu hana roho isiyokufa iliyofungwa ndani yake kama ndege tunduni. Akifa, amelala kabisa. Wema watafufuliwa Bwana ajapo, na waovu watateketezwa wasiwepo tena. Jehanamu kwao ni moto unaomaliza, si moto unaotesa daima. Jirani zao huwacheka, lakini ni haki kusema kwamba wanaposoma kuzimu kuwa kaburi tu, wanasoma neno la kale la Kiebrania kama wasomaji wengi wenye elimu walivyolisoma.

Sasa turudi katika nchi yetu. Mapadre Weupe walijenga misheni kwa Wairaqw mwaka wa 1907. Wamisionari wa Kilutheri wa Norway walifungua hospitali ya Haydom mwaka wa 1955. Hawakukuta nchi isiyo na habari za wafu. Wabarabaig humwita Mungu Aseeta. Mzee mwenye heshima akifa hujengewa bung'eda, yaani kilima cha udongo juu ya kaburi, kinachoinuliwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi, na siku ya kukimaliza watu hukusanyika kwa pombe ya asali. Wairaqw humjua Looaa, na mizimu ya wafu wao, waiitayo gii, husemwa kuwa iko chini ya ardhi. Katika mambo hayo hatukuona moto, wala mlango wa kuwatenga wema na wabaya. Aliyekufa aliendelea kuwa mtu wa ukoo wake.

Ndiyo maana miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa katika uwanda wa Basotu kwa msaada wa Kanada, na matrekta yakalima juu ya makaburi yale, Wabarabaig walilalamika. Watu wa mashamba waliona kichuguu. Wenyewe walimwona baba yao.

Basi mhubiri alipokuja na kusema kwamba wasioamini wako motoni, wasikilizaji hawakufikiri nafsi zao kwanza. Walimfikiri yule aliye chini ya kilima. Jambo hili lilikuwa limemsumbua askofu mmoja wa Kiingereza mapema sana. John William Colenso, askofu wa Natal, aliishi na Wazulu na kufasiri Maandiko pamoja nao, na katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1861 juu ya Waraka kwa Warumi alikataa kufundisha mateso yasiyo na mwisho. Mwaka wa 1863 alihukumiwa na askofu wa Cape Town na kuvuliwa cheo, kwa ajili ya hilo na ya mambo mengine, ingawa mahakama ya Uingereza baadaye haikuikubali hukumu ile.

Wa pili alitoka karibu nasi zaidi. John Mbiti, Mkamba wa Kitui katika Kenya, aliyezaliwa mwaka wa 1931 na kufariki 2019, alichunguza mafundisho ya misheni ya Africa Inland iliyoanza Ukambani mwaka wa 1895. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka wa 1971. Aliona kwamba wamisionari walizihubiri habari za mbinguni na motoni kama habari za nchi mbili zilizo mbali, na Wakamba walizipokea hivyo hivyo: mbinguni ni mahali pa kukimbilia taabu, tena baadaye sana. Lakini kwa watu wao wakati haukukimbilia mbele. Aliyekufa alirudi nyuma polepole, kutoka Sasa kwenda Zamani; na maneno hayo mawili Mbiti aliyachukua katika Kiswahili chetu akayaandika katika kitabu cha Kiingereza. Maadamu alikumbukwa kwa jina, hata kwa vizazi vinne au vitano, marehemu alikuwa bado hai kwa jamaa zake. Wengine wamembishia Mbiti, wakisema Mwafrika anayepanda mbegu anaijua kesho vizuri, na sisi twaona wana haki. Lakini alilolisema juu ya mahubiri hatujaona aliyelivunja.

Kwa swali la yule kijana, Wakatoliki wana jibu lililoandikwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Novemba 1964, ulisema kwamba mtu asiyeijua Injili pasipo kosa lake mwenyewe, naye amtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake, aweza kuupata wokovu. Tulimsomea. Alisikiliza, kisha akauliza kwa nini katekista wa kijijini kwao hakupata kumwambia hivyo bibi yake, aliyekufa akiwa na hofu kwa ajili ya mumewe. Wazee wa makanisa mengine tuliowauliza walijibu kwa maneno mengi na machache, na jibu tulilolipenda ni la Mlutheri mmoja mzee, aliyesema kwamba yeye hakupewa funguo za mlango ule.

Kila mwaka tarehe 2 Novemba Wakatoliki wa pande zetu huenda makaburini na mishumaa kuwaombea marehemu wote. Siku chache kabla, majani hufyekwa, kwa sababu mvua za vuli huyaotesha upesi. Katika kufyeka hakuna mpaka wa dhehebu. Tumemwona Msabato akipalilia kaburi la mkwewe Mkatoliki, ambaye kwa imani yake amelala tu na hajui kama kumepaliliwa. Naye alipomaliza aliufuta udongo juu ya jina kwa kiganja cha mkono, akaweka jembe begani, akaenda zake.