Mianya miwili: kwa nini mwanga hupoteza mistari yake

Wanafizikia wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), nchini Marekani, walithibitisha mwaka 2025 kuwa mwanga hauwezi kutoa habari kamili za njia uliyopita na wakati huo huo kudumisha mistari yake ya mawimbi.

Msingi wa suala hilo ni kazi ya Thomas Young, tabibu wa Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19, Young alionyesha kuwa mwanga husafiri kama mawimbi. Mwanga wa rangi moja ukipita katika mianya miwili myembamba, ukutani hutokea mistari mingi ya mwanga na giza inayopokezana. Penye mwanga mawimbi huongezeana nguvu, penye giza hufutana.

Nafasi kati ya mistari hutegemea umbali baina ya mianya, wala si upana wa mwanya. Mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, ukipita katika mianya iliyoachana kwa milimita 0.25, hutoa mistari iliyoachana kwa milimita 2.6 kwenye ukuta ulio umbali wa mita moja.

Upana huamua idadi ya mistari. Kila mwanya ukiwa na milimita 0.05, eneo la kati huwa na mistari tisa ya mwanga. Ukiongezwa hadi milimita 0.1, mwanga hutawanyika kwa kiasi kidogo kuliko awali na mistari hiyo hubaki mitano.

Habari za njia ni jambo jingine. Kitu chochote kikihifadhi alama ya mwanya uliopitiwa, mistari hufifia kwa kadiri ya habari hizo, zikikamilika, hutoweka. Si lazima mtu aangalie, yatosha alama iwepo.

Mwaka 1927 Albert Einstein alihoji kuwa njia ingeweza kujulikana kwa kupima jinsi mwanya unavyosukumwa na chembe inayopita, bila mistari kupotea. Niels Bohr alimpinga.

Katika jaribio la MIT, kundi la Wolfgang Ketterle lilitumia atomi zaidi ya 10,000 zilizopoozwa na kushikwa kwa leza, zikifanya kazi ya mianya. Kadiri atomi zilivyolegezwa, zilihifadhi habari zaidi za njia, na mwingiliano wa mawimbi ukapungua. Hoja ya Bohr ikasimama.