Picha za Vitabu vya Kale

Ewe kijana wa Mountain View, ukishuka mjini Nairobi ukaona vitabu vikuukuu vimetandazwa kando ya njia, usivipuuze. Mwaka 1865 kilitoka Uingereza kitabu cha Lewis Carroll chenye kisa cha msichana Alice, nacho kilitiwa picha na John Tenniel. Mwaka 1940 kisa hicho kilichapwa London kwa Kiswahili, kikaitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu. Na katika picha zake msichana yule ni Mwafrika. Kisa ni kile kile, bali sura imegeuka, na maneno peke yake yasingalitujulisha hayo. Basi, ukipata kitabu cha namna hiyo, usikate picha zake, wala kurasa zake zisifungiwe karanga. Tazama mwaka kilipochapwa, kifunike kwa karatasi safi, ukiweke mbali na mchwa. Picha hizo ni mashahidi wa historia.