Mradi tanzu, mradi mdogo, mradi mwavuli

mradi tanzu nm (wingi: miradi tanzu, ngeli ya U-I). Katika jumuiya za programu huria: mradi usio na kamati yake ya usimamizi, ambao maamuzi yake ya mwisho hutolewa na kamati ya mradi mwingine, yaani mradi mama.

Watafsiri wengi huandika "mradi mdogo", na mazoea hayo yana msingi. Kiswahili kina kamati ndogo ya bunge na sheria ndogo za halmashauri, wala hakuna anayedhani kwamba sheria ndogo ni sheria fupi. Hata hivyo, istilahi hizo zimekwisha kukomaa katika matumizi, ilhali "mradi mdogo" bado una maana yake ya kila siku: mradi wenye fedha chache au watu wachache, kama mradi mdogo wa ufugaji wa kuku. Katika programu huria ukubwa si hoja. Hoja ni nani anayewajibika.

Mfano mzuri ni Hadoop, programu ya kuhifadhi na kuchakata data nyingi kwa kuigawanya katika kompyuta nyingi. Mwaka 2006 ilikuwa mradi tanzu wa Lucene, maktaba ya utafutaji iliyo chini ya Apache Software Foundation ya Marekani. Januari 2008 ilipata kamati yake, inayowajibika moja kwa moja kwa bodi ya shirika hilo. Hadoop nayo ikawa na miradi tanzu, miongoni mwao HBase, Hive na Pig, na mwaka 2010 yote mitatu ilipata kamati zake. Anayesoma kwamba Hive ilikuwa "mradi mdogo wa Hadoop" hadi mwaka huo atadhani kwamba baadaye ilikua. Kilichobadilika ni mahali pa mamlaka: nani anaidhinisha toleo jipya, nani anamkubali mchangiaji mpya katika kamati, nani anaulizwa mambo yanapoharibika.

Sahihi: Hive ilikuwa mradi tanzu wa Hadoop hadi mwaka 2010.
Yenye utata: Hive ilikuwa mradi mdogo wa Hadoop hadi mwaka 2010.

Wanafunzi huuliza kama umoja usingekuwa "mradi utanzu", kwa kuwa tanzu ni wingi wa utanzu. La. Neno tanzu limekwisha kuganda likawa kivumishi kisichobadilika, kama katika kampuni tanzu, ambayo huandikwa hivyo hata ikiwa moja. Vilevile "tawi" halifai hapa, ingawa benki na vyama vina matawi. Kwa watunzi wa programu, tawi ni nakala ya msimbo inayoendelezwa kando na kuu, na maana hizo mbili hukutana mara nyingi katika aya moja.

Istilahi "mradi mwavuli" inahitaji tahadhari zaidi. Katika Kiswahili cha magazeti, asasi zilizo chini ya mwavuli mmoja huwa zimeungana huku kila moja ikibaki na uongozi wake. Mradi wa Jakarta, ulioanzishwa katika Apache mwaka 1999 ili kukusanya programu za Java, haukuwa hivyo. Tomcat, Ant, Struts na Maven zote zilikuwa chini ya kamati moja, na kamati hiyo ilibeba dhamana ya programu ambazo wajumbe wake wengi hawakuzifuatilia kwa karibu. Ant ilijitenga mwaka 2002, Maven 2003, Struts 2004 na Tomcat 2005. Jakarta yenyewe ilifungwa mwaka 2011. Katika maandishi ya jumuiya hiyo mwavuli ni sifa mbaya, na mtafsiri asiyelijua hilo ataigeuza lawama kuwa pongezi. Pale ambapo matini chasili haina lawama, "mradi mama" unatosha.

Kwa mradi uliokwisha kupata kamati yake, andika "mradi wa ngazi ya juu", si "mradi mkuu". Mradi mkuu huwa mmoja kati ya mingi, ilhali Apache ina mamia ya miradi ya ngazi ya juu, mingine ikiwa na wachangiaji wachache mno.

Kitengo kinachopokea miradi mipya katika shirika hilo, kilichoanzishwa mwaka 2002, kinaweza kuitwa "kituo atamizi", istilahi iliyokwisha kuzoeleka Tanzania kwa vituo vinavyolea kampuni changa. Msomaji asidhani tu kwamba kinachoatamiwa lazima kiwe yai. OpenOffice, ambayo toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice, lilitolewa na mradi wa Kilinux mwaka 2004, iliingia humo mwaka 2011 ikiwa programu kongwe, ikatoka mwaka 2012. Kinachoatamiwa ni jumuiya na taratibu zake.

Miradi iliyokosa watu wa kuiendeleza huhamishiwa mahali ambapo Waapache hupaita kwa jina la chumba cha chini ya paa. "Darini" ni tafsiri ya karibu, lakini kwa msomaji wa pwani aliyezoea dari kuwa ghorofa ya juu wanakoishi watu, itampeleka kusikotakiwa. Heri kuandika "hifadhi ya miradi iliyositishwa".