"Sir" kwa Herufi Kubwa, "sir" kwa Herufi Ndogo

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Bila shaka mnakumbuka jinsi somo la barua za Kiingereza lilivyotutoa jasho mwaka 1959. Mimi nilianza barua yangu kwa "Dear sir", nikaamriwa kuinakili yote mara 20. Juma lililofuata niliandika hadithi ambamo mtumishi anajibu, "Yes, Sir", na wino mwekundu ukapita tena: safari hii kosa lilikuwa herufi kubwa! Sababu hatukuelezwa. Nami nikashika neno moja tu, kwamba herufi kubwa ndiyo heshima.

Sababu imo katika historia. Neno "sir" Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya aliyezidi kwa umri, yaani mzee. "Madam" nalo ni la Kifaransa, maana yake bibi yangu. Katika karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, wapiga chapa wa Kiingereza walizoea kuanza majina mengi kwa herufi kubwa, hata ya vitu vya kawaida. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 bado inaonyesha desturi hiyo. Ilipofifia, herufi kubwa zilibaki mahali pachache.

Kwanza ni katika salamu ya barua: "Dear Sir", "Dear Madam". Pili, cheo kinapotangulia jina, kama Sir Richard Turnbull, Gavana wa mwisho wa Tanganyika. Tatu, katika miito ya wakuu, kama "Your Excellency" na "Your Majesty". Lakini mtu akiitwa tu katika mazungumzo, "yes, sir" au "thank you, madam", herufi ni ndogo. Na katika "Yours faithfully" hukuzwa neno la kwanza peke yake.

Kwa hiyo herufi hiyo huonyesha mahali pa neno, wala haipimi adabu ya mwandishi. Laiti ningalijua mapema! Nilipomaliza shule nilipata kazi ya ukarani. Siku moja mzee mmoja alileta barua ya kuulizia malipo yake ya uzeeni. Ilianza "dear sir", maneno yote mawili kwa herufi ndogo. Nilimrudishia, nikamwambia akajifunze adabu kwanza. Aliikunja taratibu, akaondoka, asirudi tena. Nami niliyedai adabu sikuwa hata nimemwamkia shikamoo.

Wengi wetu tulikuwa walimu, na sasa tuna wajukuu wanaoandika barua za kuomba kazi. Tuwafundishe kanuni hii pamoja na sababu yake, wasije wakamfukuza mzee wa watu kwa ajili ya herufi moja.

Ndimi mwenzenu wa darasa la 1959.