Vipimo vya damu vya fereti

Vipimo vya damu vya fereti ni uchunguzi wa maabara unaoagizwa na daktari wa wanyama ili kujua afya ya fereti (Mustela putorius furo), mnyama mdogo mla nyama anayefugwa hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, zamani kwa kuwindia sungura, siku hizi zaidi kama kipenzi. Majibu yake hupotosha yakisomwa kwa viwango vya mbwa au paka.

Chembe nyekundu

Kwa fereti mzima wa afya, chembe nyekundu huchukua karibu nusu ya ujazo wa damu. Asilimia 33, ambayo kwa paka ni ya kawaida, kwa fereti huashiria upungufu wa damu. Lakini kwanza iulizwe damu ilitolewaje: gesi ya usingizi ya isoflurani hushusha kiwango hicho ndani ya dakika chache, na mnyama asiye na ugonjwa akaonekana mgonjwa. Upungufu wa kweli huwapata majike wasiohasiwa wala kupandwa. Hao hubaki kwenye joto muda mrefu, na homoni ya estrojeni hudhoofisha uboho hadi kuweza kuwaua.

Sukari

Hiki ndicho kipimo cha kuangaliwa kwa makini zaidi. Fereti wengi wenye umri wa kati na kuendelea hupata insulinoma, uvimbe wa kongosho unaotoa insulini kupita kiasi. Sukari iliyo chini ya miligramu 60 hadi 70 kwa desilita, baada ya kufunga kwa saa chache, hutia shaka kubwa, hasa kama mnyama hulegea miguu ya nyuma, hudondokwa mate au hukodoa macho tu. Kumfungisha usiku kucha ni hatari, kwani anaweza kupata degedege.

Hata hivyo, damu iliyokaa kwenye chupa bila kutenganishwa hupoteza sukari, kwa kuwa chembe zake huendelea kuitumia. Vipimo vya mkononi vya wagonjwa wa kisukari navyo huweza kuonyesha kiwango cha chini kuliko halisi. Kwa hiyo jibu la chini lisilolingana na hali ya mnyama hurudiwa kabla ya kuanza dawa.

Figo na homoni

Kreatinini ya fereti hupanda kidogo tu figo zinaposhindwa kazi. Urea huonyesha mapema zaidi. Katika ugonjwa wa tezi za adrenali, kotisoli kwa kawaida haipandi. Zinazopanda ni homoni za jinsia, ndiyo maana mnyama hunyonyoka manyoya kuanzia mkiani.