Mkanda Uliofika Ndio Uliokuwa wa Kwanza

Filamu ya Kihindi ya miaka ya 1950 na 1960 iliingia Mombasa kwa mlango uleule wa mchele na vitambaa: bandari ya Kilindini. Meli za kampuni ya British India, Karanja na Kampala, zilikuwa zikitoka Bombay, zinapitia Ushelisheli, zinatia nanga Mombasa, kisha zinaendelea Zanzibar, Dar es Salaam na kusini hadi Durban. Njia hiyo ya abiria na shehena ndiyo iliyokuwa pia njia ya sinema. Regal, Majestic, Naaz na kumbi nyingine za kisiwani zilibandika mabango ya Bombay baada ya mikebe ya mikanda kushuka, kulipiwa ushuru na kupita mbele ya wakaguzi wa filamu.

Mkebe kufika au kutofika ni jambo dogo, lakini lina historia yake. Wahakiki hupenda kubishana ipi bora, filamu ya asili au ile iliyotengenezwa upya miaka kadhaa baadaye. Mombasa ubishi huo uliamuliwa mapema, na walioamua hawakuwa wahakiki. Waliamua waagizaji, idadi ya nakala, na hali ya mkanda wenyewe.

Kilomita tano za picha

Mkanda wa milimita 35 hupita mashineni kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, sawa na futi 90 kwa dakika. Filamu ya saa tatu, urefu wa kawaida kwa sinema za Bombay, hula futi 16,200. Hizo ni karibu kilomita tano. Ungeutandaza mkanda kuanzia kivuko cha Likoni ungekaribia Makupa. Mzigo huo uligawanywa katika rili nyingi, na opareta alifanya kazi na mashine mbili. Rili moja ikielekea ukingoni, alama ndogo ya duara ilimulika kwenye pembe ya juu ya picha, upande wa kulia, naye akaipokeza mashine ya pili bila watu ukumbini kutambua.

Kila onyesho liliuumiza mkanda. Meno ya mashine yalichana vitundu vya pembeni, vumbi likachora mistari, na palipokatika opareta alikata kipande kilichoharibika akaunganisha ncha mbili. Filamu ya ngumi ikipoteza sekunde mbili, stelingi amepiga pigo moja pungufu. Filamu ya kuchekesha ikipoteza sekunde mbili, huenda zilizokwenda ni zile ambazo mzaha wa robo saa nzima ulikuwa ukizingoja. Kwa hiyo vichekesho viliumia zaidi kuliko aina nyingine yoyote ya sinema, na aliyeuona mkanda ukiwa mchovu alikuwa na haki ya kushangaa jirani yake alicheka nini wiki ya kwanza.

Nakala nazo zilikuwa chache. India ilitegemea mikanda mitupu kutoka nje, na leseni za kuiagiza zilibana. Kiwanda cha serikali cha Hindustan Photo Films, huko Ooty, kilianzishwa 1960 na uzalishaji wake ukaanza 1967. Watengenezaji wa Bombay waligawa nakala zao kwa hesabu, miji mikubwa ya India kwanza, ng'ambo baadaye. Mwagizaji wa Afrika Mashariki alinunua haki za eneo zima, na nakala alizopata zikazunguka: Mombasa, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, kisha miji midogo. Unguja, siku ambazo kumbi mbili zilionyesha filamu moja, rili iliyomalizika ukumbi wa kwanza ilipakiwa kwenye baiskeli ikakimbizwa ukumbi wa pili. Mpanda baiskeli akichelewa, watu walipiga mluzi gizani.

Ya asili ilibaki kwao

Chukua *Padosan* ya 1968, kile kichekesho cha Sunil Dutt, Saira Banu, Kishore Kumar na Mehmood, ambacho wapenzi wa sinema za Kihindi bado wanakihesabu miongoni mwa bora kabisa. Hadithi yake ilikwisha kuchezwa 1952 katika filamu ya Kibengali, *Pasher Bari*. *Ram Aur Shyam* ya 1967, ambamo Dilip Kumar anacheza pacha wawili, mmoja mwoga na mwingine jasiri, ilitokana na filamu ya Kitelugu ya 1964, *Ramudu Bheemudu*, na mwongozaji ni yuleyule, Tapi Chanakya. Wahindi wa Mombasa asili yao ni Kachi, Gujarat, Punjab na Goa. Mfanyabiashara gani angelipia haki, nauli na ushuru wa mkanda wa Kibengali au Kitelugu kwa mji wa namna hiyo? Kihindi cha filamu kilieleweka na wengi, na Waswahili wa Mji wa Kale waliokifuata kwa nyimbo na vitendo walikuwa sehemu kubwa ya soko. Filamu iliyotengenezwa upya ndiyo iliyokuwa na njia ya kufika. Asili yake haikuwa na mnunuzi.

*Half Ticket* ya 1962 inaonyesha upande mwingine. Humo Kishore Kumar anajifanya mtoto ili asafiri kwa nusu nauli ya treni. Kisa hicho kilitoka Marekani: Jerry Lewis alikicheza 1955 katika *You're Never Too Young*, na kabla yake Ginger Rogers katika *The Major and the Minor* ya 1942. Filamu za Marekani zilikuja kwa wasambazaji wengine, kwa mikataba mingine, na mara nyingi kwa watazamaji wengine. Njia hizo mbili zilipita katika mji mmoja bila kukutana, na hakuna bango lililomwambia mtu kwamba kicheko cha leo kina babu yake Hollywood.

Halafu kulikuwa na muda wa haki. Haki za kuonyesha ziliuzwa kwa miaka maalumu. Ikiisha, mkanda ulirudishwa au kuharibiwa, na uliobaki stoo ulipambana na hewa ya pwani. Joto na unyevu huufanya mkanda wa asetati uoze na kutoa harufu kali ya siki, na rangi za Eastmancolor hufifia mpaka nyuso zote ziwe nyekundu. Ukumbi uliotaka filamu ya miaka kumi iliyopita ulilazimika kumwomba mwagizaji alete nakala mpya kwa gharama kamili. Nyeusi na nyeupe ya zamani ingeshindanaje na ya rangi yenye kisa kilekile na nyota wa sasa? *Seeta Aur Geeta* ya 1972 iliwageuza mapacha wa *Ram Aur Shyam* kuwa wasichana, Hema Malini akacheza wote wawili, na kwa kijana aliyeanza kwenda sinema mwaka huo hao ndio pacha wa kwanza.

Wimbo ulitangulia

Kitu kimoja hakikungoja mkanda. Sahani za santuri na redio zilileta nyimbo za filamu kabla ya filamu yenyewe, na ziliendelea kupigwa baada ya mikebe kuondoka. Mombasa ilizichukua ikazifanya zake. Juma Bhalo, gwiji wa taarabu aliyefariki 2014, alijulikana pwani nzima kwa kuyachukua mahadhi ya Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani. Wako walioanza kuupenda wimbo arusini Mji wa Kale, wakaja kuisikia sauti ya Bombay baadaye. Ukiwauliza ipi ya asili, watakwambia ya Bhalo, na kwa mpangilio wa masikio yao hawajakosea.

Baadaye misingi ya biashara hiyo ilianza kutikisika. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 ziliwafanya Wahindi wengi wenye pasi za Uingereza waondoke Kenya, na kumbi zikapoteza wateja wa kila wiki. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 zile meli za abiria za Bombay zilikuwa zimekwisha. Video ikaingia miaka ya 1980: kanda moja ya kukodi ilitosheleza nyumba nzima, tena iliweza kurudishwa nyuma mzaha ukirudiwa. Kumbi za kisiwani zikafunga moja baada ya nyingine. Leo anayetaka sinema ya skrini kubwa huvuka daraja kwenda Nyali.

Siku moja, filamu mbili

Tarehe 5 Aprili 2013 India ilishuhudia jambo ambalo enzi ya mikebe isingeliruhusu kirahisi. *Chashme Buddoor*, kichekesho cha Sai Paranjpye cha 1981 kuhusu vijana watatu wa Delhi na msichana mmoja, kilirudi kumbini kikiwa kimesafishwa kidijitali. Siku hiyohiyo ilitoka filamu mpya ya jina hilo, iliyotengenezwa upya na David Dhawan. Mtazamaji aliweza kumwona Farooq Shaikh wa zamani, kisha akamwone Ali Zafar, akaamua mwenyewe. Kilichowezesha hilo ni kwamba filamu sasa ni faili kwenye diski, inayofunguliwa kwa ufunguo wa siku maalumu. Nakala ya mia moja haihitaji futi hata moja ya mkanda.

Nafuu hiyo, hata hivyo, inategemea kwamba mtu fulani aliutunza mkanda wa kwanza. India iliunda Hifadhi ya Taifa ya Filamu mjini Pune mwaka 1964, na bado *Alam Ara* ya 1931, filamu yake ya kwanza yenye sauti, haina nakala inayojulikana popote. Mwaka 2003 moto huko Pune uliteketeza mikanda mingi ya zamani ya naitreti. Filamu za *Padosan* na *Half Ticket* zimenusurika, na kijana wa Makadara anaziona kwa simu, safi kuliko babake alivyoziona.

Hakuna hifadhi ya Pune au London itakayotutunzia upande wetu: mabango, vikaratasi vya matangazo, tiketi, daftari za waagizaji, na kumbukumbu za maopareta wanaojua ni filamu ipi ilifika, mwaka gani, ikiwa imekatwa wapi. Mombasa ina makumbusho Fort Jesus na ina kituo cha utafiti wa Waswahili. Orodha ya kumbi, mwaka kwa mwaka, na ya filamu zilizoonyeshwa ingeanza na magazeti ya zamani yaliyo katika Nyaraka za Taifa, kisha ikaenda kwa wazee mlango kwa mlango. Magazeti yatangoja. Wazee ndio wa kuanza nao.