Kutoka Inchi Hadi Milimita: Bastola na Bunduki za Polisi wa Chake Chake

Hadi Januari 1964 silaha za polisi wa Chake Chake, mji wa kisiwa cha Pemba, kama za polisi wote wa Zanzibar, zilihesabiwa kwa inchi, na baada ya hapo zikahesabiwa kwa milimita, wala badiliko hilo halikutokana na uamuzi wa mafundi bali lilifuata badiliko la dola. Kaliba, yaani kipenyo cha tundu la mtutu na cha risasi inayopita humo, ni kipimo kinachoonekana kuwa cha kiufundi tu. Lakini kwa kisiwa kisichokuwa na kiwanda cha silaha, ambacho kila bunduki yake ya serikali ilishushwa kutoka melini, kaliba hueleza ni nani aliyekuwa akimpa silaha mtawala wa wakati huo.

Kabla ya kuwapo polisi, Chake Chake ililindwa na askari wa sultani, wengi wao Mabulushi na Waarabu waliokuwa chini ya liwali, na silaha zao zilikuwa jambia, upanga na bunduki za kushindilia baruti mdomoni, ambazo risasi zake ziliweza kusubuliwa na fundi yeyote kwa kadiri ya mtutu alioletewa. Kaliba maalumu iliingia na jeshi aliloliunda Lloyd Mathews, ofisa wa wanamaji wa Uingereza, kwa ajili ya Sultani Barghash mwaka 1877. Jeshi hilo lilipewa na Waingereza bunduki 500 aina ya Snider, zenye kaliba ya inchi .577, sawa na milimita 14.7, ambazo hujazwa risasi upande wa nyuma. Tangu hapo mwenye bunduki alimtegemea mwenye kiwanda, kwa sababu risasi ya Snider haikuwezekana kusubuliwa uani kwa mtu.

Mwaka 1890 mambo mawili yalitukia kwa pamoja: Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na Mkataba wa Brussels ukazuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Pemba, iliyo takriban kilomita 50 tu kutoka bara, haikukwepa. Mkataba ulielezwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyokuwa. Lakini matokeo yake mengine, ambayo hayakuwachukiza waliouandika, ni kwamba silaha bora zilibaki mikononi mwa serikali, na raia akabaki na gobori.

Polisi wa himaya walirithi mgawanyo uliokuwa desturi ya Waingereza katika Afrika Mashariki nzima: ofisa alivaa bastola kiunoni, na askari wa kawaida alibeba rungu siku za amani na bunduki ya kaliba .303 siku za gwaride, lindo au fujo. Bastola hiyo ilikuwa rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi sita. Ile ya Webley, ya kaliba .455, ilikuwa nzito na ya kishindo, na kuimudu kulitaka mazoezi marefu. Kwa hiyo mwaka 1932 jeshi la Uingereza lilichagua rivolva ya Enfield ya kaliba .38, na polisi wa makoloni wakaifuata njia hiyo, baadhi yao kwa kutumia Webley ya kaliba hiyohiyo. Silaha zote mbili hufunguliwa kwa namna moja: kidole gumba husukuma komeo lililo juu ya mpini, mtutu huinama, na kinyota cha chuma katikati ya silinda husukuma maganda yote sita nje kwa mkupuo mmoja.

Risasi ya .38 ya mwanzo ilikuwa ya madini ya risasi matupu, yenye uzito wa gramu 13 na mwendo wa mita 190 hivi kwa sekunde, ambao ni mwendo mdogo. Baadaye ilipunguzwa uzito na kuvikwa ganda la madini gumu, kwa kuchelea kwamba ile laini ingehesabiwa kuwa imevunja Azimio la The Hague la mwaka 1899 linalokataza risasi zinazotanuka mwilini. Inafaa kukumbusha kwamba azimio hilo lilihusu vita baina ya mataifa, wala halikusema lolote kuhusu polisi na raia wao.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ya Mohammed Shamte, mwenyeji wa Pemba, ikaanza kuwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara. Tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi, wengi wao wakiwa na mapanga, pinde na marungu, walivamia ghala za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni, Unguja. John Okello, aliyejitangaza kuwa kiongozi wao, alikuwa Mganda aliyewahi kuishi na kufanya kazi Pemba kabla ya kuhamia Unguja. Silaha zilizoamua siku ile ni bunduki zilizokuwa zimefungiwa ghalani, kwani rivolva za maofisa hazikuweza kufua dafu mbele ya umati uliokwisha kupata .303.

Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 polisi waliwekwa katika mambo ya Muungano, na misaada ya Urusi, China na Ujerumani Mashariki ikaleta vipimo vipya. Bastola ya Tokarev, ambayo China iliitengeneza kwa jina la Aina ya 54, hutumia risasi ya milimita 7.62, nyembamba lakini yenye mwendo wa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Makarov, iliyopokewa na jeshi la Urusi mwaka 1951, hutumia risasi ya milimita 9, fupi na ya taratibu zaidi. Zote mbili hubeba risasi nane katika magazini inayochomekwa ndani ya mpini. Msomaji asichanganye milimita 9 ya Makarov na ile ya Parabellum, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 19 badala ya 18, na ambayo imeenea duniani kwa bastola kama Browning na Glock, kwani risasi ya moja haitumiki katika nyingine.

Hata hivyo, mgawanyo wa zamani haukufutika. Bastola iliendelea kuwa silaha ya ofisa na ya askari kanzu, yaani mpelelezi asiyevaa sare, na askari wa lindo akakabidhiwa SAR au SMG, majina ya kipolisi ya bunduki za Kirusi na Kichina zitumiazo risasi ya milimita 7.62 yenye ganda la milimita 39. Kwa Wapemba tofauti hiyo si ya vitabuni. Tarehe 27 Januari 2001 polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha CUF katika miji ya Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa Zanzibar, ilhali tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja 31, na miongoni mwa waliopoteza maisha alikuwamo polisi. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Kenya. Mtafiti atakayeandika historia ya silaha za polisi wa Pemba kwa kuangalia bastola peke yake ataandika historia ya vyeo.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, kuziwekea alama silaha zote za dola na kuziharibu zilizochakaa. Ni hatua ya busara kwa usalama, lakini kila rivolva ya .38 inayoyeyushwa huondoka na namba yake, mhuri wa kiwanda na mhuri wa jeshi lililoimiliki. Jeshi la Polisi na wahusika wa Mambo ya Kale wanaombwa wazinakili alama hizo kabla ya silaha kuharibiwa, na angalau rivolva moja iliyozibwa mtutu iwekwe katika makumbusho ya ngome ya Chake Chake, pamoja na rejista ya ghala ilimotoka.